Mafunzo ya Viongozi wa Vikundi vya Mazingira: Sayansi Imepangwa Vizuri, Uongozi Umeachwa Njiani

Hivi karibuni nimemaliza mafunzo ya mtandaoni ya wiki 6 yanayowalenga watu wanaoongoza vikundi vya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi katika maeneo wanamoishi. Nilijiandikisha nikiwa katibu wa kikundi cha namna hiyo kwa mwaka wa tatu, kwa hiyo hamasa nilikuwa nayo ya kutosha. Nilichokifuata ni namna ya kuwafanya watu waendelee kuja baada ya shamrashamra za mwanzo kupoa.

Wiki 2 za kwanza zinastahili sifa. Mkufunzi alianzia kwenye taka za jikoni, akaeleza kwamba zikifukiwa dampo bila kupata hewa huoza na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Kisha ikaja video ya lundo la mboji likipinduliwa kwa uma: mvuke ukifuka kutoka katikati, kipimajoto kikisoma nyuzi 60, na majani makavu yakichanganywa na mabaki mabichi ili lundo lisinuke. Nilipowaonyesha wenzangu video hiyo, swali la kwanza lilikuwa uma ule unapatikana wapi, na hiyo kwangu ni dalili ya somo lililoeleweka.

Wiki ya 3 ndiyo iliyobeba hazina yenyewe, ingawa mwenye hazina hakuonekana kuijua thamani yake. Ilimhusu Elinor Ostrom, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2009, aliyeonyesha kwamba jamii zinaweza kutunza misitu, malisho na mifereji yao ya pamoja kwa kanuni zao wenyewe, mradi mipaka ifahamike, wanaobanwa na kanuni washiriki kuzitunga, kuwe na wa kufuatilia, na mkosaji aanze kwa adhabu nyepesi kabla ya kufikia nzito. Mkufunzi alizisoma kanuni zote 8 kwa pumzi moja, akahamia mada nyingine. Wangari Maathai naye alipewa picha na mwaka 1977 alipoanzisha vuguvugu lake la upandaji miti, lakini halikutajwa jambo ambalo kiongozi yeyote angelihitaji: kwamba kinamama walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika na kukua, wala si kwa kila mche uliotiwa ardhini.

Jambo hilo lingeokoa zoezi la mwisho, ambalo lilitutaka tuandae siku ya kupanda miti. Fomu ilikuwa na nafasi ya mgeni rasmi, bango na mpiga picha, ila haikuuliza popote nani atamwagilia mwezi wa tatu baada ya kupanda. Sisi tuliwahi kupanda miche 200 kwa siku moja, tukapiga picha za kupendeza. Kiangazi kilipoingia, daftari la zamu likawa na jina lilelile ukurasa hadi ukurasa, la mwanachama mmoja aliyekuwa akibeba madumu peke yake mpaka mgongo ukamshinda.

Kuhusu huduma yenyewe, video ni nzito na maandishi yake hayapakuliki, kasoro kubwa kwa watu wanaonunua data kidogo kidogo. Anayeanza kabisa atafaidika na wiki 3 za mwanzo. Aliyekwisha kuongoza kikundi asome hiyo ya 3 taratibu, kisha aendelee na shughuli zake.

Cheti kilinifikia ndani ya dakika moja. Swali nililomwandikia mkufunzi, la namna ya kupokea kijiti kutoka kwa mwenyekiti mwanzilishi asiyetaka kuachia kiti, lilikaa siku 9, na jibu likaja na maneno mawili: “Zungumzeni naye.”