Boksi la biskuti za sikukuu zenye matunda na chokoleti: nimeoka mara tatu, haya ndiyo niliyoyaona

Nianze na nyota kabisa ili mwenye haraka aende zake: tatu kati ya tano. Ningetoa nne kama si karatasi ya maelekezo, na ningetoa mbili kama si matunda.

Bidhaa yenyewe ni yale maboksi ya kuokea biskuti nyumbani yanayojaa madukani majira ya baridi, Krismasi inapokaribia. Jina la kampuni silitaji, maana nimeshika maboksi ya kampuni nyingine mawili matatu nikasoma maelekezo yake, na kasoro ni zilezile. Ndani ya hili langu kuna pakiti nne: unga uliochanganywa na viungo na bekingi soda, gramu 220, sukari ya kahawia, gramu 180, matunda makavu, gramu 150, na vipande vya chokoleti, gramu 100. Wewe unaongeza siagi gramu 150 na yai moja. Boksi linaahidi biskuti 24 ndani ya dakika 30, kuanzia kufungua mpaka kula. Hizo dakika 30 ndizo zilizoniponza.

Boksi la kwanza nililetewa na wifi yangu. Mawili yaliyofuata nilinunua mwenyewe, kwa hiyo msinione nalalamika mkadhani nimelichukia.

Mara ya kwanza nilifuata karatasi neno kwa neno. Inasema siagi "iwe laini", basi, haisemi zaidi. Sasa jikoni kwangu mwezi wa Desemba ni pa kuvaa soksi mbili. Siagi niliyoitoa kwenye friji asubuhi, jioni bado ungeweza kuigongea msumari. Nikaitia kwenye maikrowevu sekunde 20, nikaona bado, nikaongeza 20 nyingine, nikafungua mlango nikakuta mafuta. Nikasema potelea mbali, si inaingia kwenye oveni hata hivyo? Nikachanganya vyote, nikachota kwa kijiko, nikapanga kwenye trei, nyuzi 180, dakika 12.

Nilikaa mbele ya kioo cha oveni nikishuhudia msiba. Yale madonge yalilegea, yakatambaa, yakakutana, yakawa shuka moja la kahawia. Zabibu za pembeni zilitoa moshi. Wifi akaja kuchungulia begani kwangu.

"Wifi, hizo ni biskuti au trei imeota ngozi?"

Tulizikata kwa kisu miraba miraba tukazila hivyohivyo na chai. Pembeni chungu, katikati mbichi, ila harufu ya mdalasini na karafuu ilijaa nyumba nzima, na hapo katikati, palipokuwa na kranberi, vile vitunda vyekundu vichachu, na ganda la chungwa, ukiuma unaelewa kabisa mtengenezaji alikuwa anataka kufika wapi. Ndiyo sababu sikuitupa pakiti ya boksi nikasahau. Nilitaka kujua kosa ni langu au lao.

Ni nusu kwa nusu. Kosa langu ni ile siagi. Siagi laini ya kuokea ni ile ambayo ukiibonyeza kidole kinaacha alama lakini hakizami. Ikiwa hivyo, ukiipiga na sukari inashika vipovu vidogo vidogo vya hewa, na hivyo vipovu ndivyo vinavyoisaidia biskuti kuinuka. Ikishayeyuka hakuna hewa inayoshikika, na kinyunga kinaingia kwenye oveni kikiwa tayari kimelegea. Kosa lao ni kwamba hawasemi kabisa kuhusu kupumzisha kinyunga kwenye friji. Kinyunga cha namna hii, chenye siagi na sukari nyingi kuliko unga, ukikioka papo hapo lazima kitambae. Kikikaa kwenye baridi, mafuta yanaganda, unga unapata muda wa kunywa unyevu, na kikifika kwenye moto ukingo unashika kabla katikati hakujamwagika. Lakini ukiandika "weka friji usiku kucha" huwezi tena kuandika "dakika 30" kwa herufi kubwa mbele ya boksi. Nadhani tumeelewana.

Mara ya pili nikaja na akili nyingine. Siagi nikaikwaruza ikiwa baridi, kwenye kile kikwaruzio cha karoti, ikaanguka nyuzi nyuzi ndani ya bakuli. Dakika kumi tu ilikuwa imelainika bila kuonja moto wowote. Hii ndiyo mbinu pekee ninayoiamini jikoni kukiwa na baridi. Yai nalo nililiweka kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano, kwa sababu yai la friji likikutana na siagi iliyopigwa linaikatisha, inakuwa chembechembe kama maziwa yaliyoharibika. Siagi na sukari nikavipiga kwa mashine ya mkono dakika tatu hivi, mpaka rangi ikafifia ikawa kama ya mchanga mkavu. Unga ukaingia mwisho, na hapo mashine nikaizima nikatumia mwiko. Ukiupiga unga sana biskuti zinakuwa ngumu.

Matunda nayo yanataka kushughulikiwa, na karatasi iko kimya. Tunda kavu lina kiu. Ukilitia hivyo lilivyo, linanyonya unyevu wa kinyunga, na lile lililotokeza juu linaungua kwa sababu ni sukari tupu. Nilipasha juisi ya chungwa, nikayaloweka dakika 20, nikayachuja, kisha nikayakausha kwa kitambaa safi mpaka yasiache maji mkononi. Hatua hiyo ya kukausha usiiruke, la sivyo kinyunga kitakuwa uji. Na wakati wa kuviringa, matunda yasukume ndani, juu acha chokoleti.

Kuhusu idadi: karatasi inasema "kijiko kilichojaa". Kijiko cha nani? Mara ya kwanza nilipata madonge 19. Mara ya pili nilipima kwa mizani, gramu 35 kila donge, zikatoka 24 kamili. Kwa hiyo hesabu yao ni sahihi, wamekataa tu kuiandika.

Zikalala friji usiku mzima. Asubuhi nikaoka trei moja moja, dakika kumi. Unapozitoa, ukingo uwe wa kahawia na katikati ponekane bado pabichi kidogo. Moyo utakuambia uzirudishe, usiusikilize. Ziache palepale kwenye trei dakika tano, joto la trei litazimalizia. Jambo jingine la oveni: nilikuja kununua kipimajoto kidogo cha kutundika ndani, nikagundua yangu nikiiweka 180 inafika karibu 195. Miaka yote nimekuwa nikilaumu mapishi ya watu. Na kama oveni yako ina feni, punguza nyuzi 20, kwa sababu karatasi haisemi ile 180 ni ya oveni ya aina gani.

Zilitoka nzuri. Nene, laini katikati, zenye mipasuko juu. Wifi alikula nne amesimama, hakusema neno, na kwake yeye hiyo ni sifa kubwa.

Sasa chokoleti. Hapa sina huruma. Nilipokuwa nakula zile za mara ya pili zikiwa zimepoa, kuna kitu kilikuwa kinabaki juu ya ulimi, kizito, kama nimelamba mshumaa. Nikaichukua pakiti nikasoma. Viambato hupangwa kwa uzito, kilichozidi hutangulia: sukari, mafuta ya mawese, ndipo kakao. Siagi ya kakao haimo kabisa. Siagi ya kakao ina tabia yake ya pekee, inayeyuka karibu na joto la mwili, kama nyuzi 34, ndiyo maana kipande cha chokoleti halisi ukikitia mdomoni kinatoweka chenyewe. Haya mafuta waliyoweka yanabaki yamekaa. Mbele ya boksi picha inaonyesha chokoleti inavutika kama utepe. Haivutiki.

Mara ya tatu basi niliitoa nikaweka gramu 100 za chokoleti nyeusi ya kakao asilimia 70, nikaikatakata kwa kisu bila mpango. Na huko kutokuwa na mpango ni faida: vumbi linachora mistari ndani ya kinyunga, vipande vikubwa vinakuwa vidimbwi. Chembe mbili tatu za chumvi juu ya kila moja kabla ya kuingia motoni. Sukari nayo nilipunguza gramu 30, kwa sababu kwangu ilikuwa tamu kupita kiasi. Zaidi ya hapo nisingethubutu, maana sukari si utamu tu, ndiyo inayoshika unyevu na kuifanya biskuti itanuke vizuri.

Kisha nikapata kiburi. Nikaamua nusu ya biskuti nizichovye kwenye chokoleti iliyoyeyushwa, zing'ae kama za dukani. Bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, kila kitu kinakwenda sawa, nikainua bakuli na mvuke uliokuwa umegeuka maji ukingoni mwake ukadondoka ndani. Matone mawili, labda matatu. Chokoleti yote ikakakamaa palepale, ikawa tope la kufinyangia. Kiasi kidogo cha maji ndicho kinachoua chokoleti, kingi hakiui. Kwa hiyo niliongeza maziwa ya moto kijiko kwa kijiko nikikoroga, ikarudi ikawa mchuzi laini, tukaumwagia juu ya aiskrimu. Biskuti zikabaki bila nguo.

Sifa ya boksi, na ndiyo sababu ya zile nyota tatu, ni ile pakiti ya matunda na ule unga wa viungo. Kranberi, cheri, zabibu na maganda ya chungwa yaliyopikwa kwenye sukari, vipande vya kweli unavyoweza kuvitambua kimoja kimoja, si vile vijiwe vyekundu na kijani vya rangi tupu. Uchachu wa kranberi unaikata siagi vizuri sana. Viungo navyo vimepimwa na mtu mwenye ulimi: mdalasini mbele, tangawizi na kungumanga nyuma, karafuu kidogo tu. Karafuu ikizidi biskuti inanuka kama kwa daktari wa meno.

Boksi lenyewe ni kubwa mara mbili ya kilichomo. Hilo tumeshazoea.

Zinakaa vizuri. Karatasi inasema siku tano. Zangu kwenye kopo la bati, karatasi ya kuokea kati ya tabaka na tabaka, zilifika siku tisa. Usizichanganye na biskuti kavu kwenye kopo moja, zile kavu zitalegea na hizi zitakauka. Na wenye mbwa ndani, kopo liwe juu kabisa: zabibu na chokoleti vyote viwili ni sumu kwake.

Nani anunue? Anayeoka mara moja kwa mwaka na hataki kubaki na vikopo sita vya viungo vinavyopoteza harufu kabatini. Kama viungo unavyo tayari, nunua matunda makavu peke yake, utakula vilevile.

Niliwaandikia watengenezaji kuhusu friji na kuloweka matunda. Walijibu kwa adabu kwamba maelekezo yao yamejaribiwa na yanafaa kwa jiko lolote. Labda kwao Desemba haijafika.

Kwenye frizi sasa hivi nina madonge 12 ya boksi la tatu. Yanaingia motoni yakiwa yameganda hivyohivyo, unaongeza dakika mbili tu. Jana wifi alipiga simu, yuko dukani, anauliza kama aniletee jingine. Nimemwambia alete, ila ile chokoleti abaki nayo yeye.