Bima ya safari niliyokata Barabara ya Kenyatta, na homa iliyonifuata hadi Barbados

Hati ya kwanza niliyoletewa ilikuwa na mstari mdogo chini ya jina langu: "Dunia nzima, isipokuwa Marekani, Kanada na Karibiani." Bei yake ilikuwa nzuri, Sh 140,000 kwa siku 90. Kijana aliyeniletea alikuwa anazunguka maofisini kwetu Kirumba, Mwanza, na tayari alishajaza "Barbados" kwenye nafasi ya safari bila kuona kwamba mstari wa juu yake unaifuta Barbados yote. Mimi pia sikuuona. Aliyeuona ni dada mmoja wakala wa bima mwenye kaofisi ghorofa ya kwanza, Barabara ya Kenyatta, nilipopita kwa jirani yake kutoa fotokopi ya pasipoti. Aliipokea ile hati, akaisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Kaka, hii haikufikishi unakokwenda."

Huduma ya huyo dada ndiyo ninayoieleza hapa, pamoja na bima aliyonikatia. Kampuni yenyewe siitaji, kwa sababu anauza za kampuni kadhaa na mengine nitakayoyasema si mazuri.

Nilikuwa naenda kusoma miezi mitatu, usimamizi wa uvuvi, Chuo Kikuu cha West Indies pale Cave Hill. Mimi ni mtu wa samaki, kazi yangu ni mialo, yaani pale wavuvi wanaposhushia samaki. Bima nilidhani ni karatasi ya kuombea viza tu, na kadi yangu ya matibabu ya kazini inaishia hospitali za hapa nchini. Dada alinieleza kwa nini kampuni nyingi zinaiweka Karibiani kapu moja na Marekani. Kisiwa kidogo kina hospitali yake, Barbados wana Queen Elizabeth tangu mwaka 1964, lakini kuna ugonjwa au jeraha linalozidi uwezo wa kisiwa, na hapo mgonjwa anapandishwa ndege ya wagonjwa, mara nyingi kwenda Miami. Safari hiyo ni makumi ya maelfu ya dola. Kwa hiyo hati inayokulipia Barbados ila inaikataa Marekani inaweza kukuacha njiani siku unayoihitaji kuliko zote. Nilimwelewa haraka. Sisi wa Ziwa tunajua maana ya mgonjwa kuwa kisiwani Ukara usiku.

Nikalipa Sh 265,000. Matibabu hadi dola 50,000, kusafirishwa kukiwemo, Miami ikiwemo, na kwenye kila dai dola 50 za kwanza nalipa mwenyewe. Akaniuliza pia kama nina cheti cha homa ya manjano, maana nilikuwa napitia Nairobi, na Kenya ni kati ya nchi zenye hatari ya homa hiyo. Sikuwa nacho. Akanihimiza nichanje wiki hiyohiyo, kwa kuwa cheti huanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano. Siku hizi ukichanja mara moja ni maisha yote. Nilipotua Bridgetown, baada ya pasipoti, kitu cha pili nilichoombwa ni hicho cheti.

Siku ya kumi na moja nikaanza kutetemeka.

Hapa naomba msomaji wa Kanda ya Ziwa anisikilize vizuri. Barbados haina malaria. Wana dengue, na miezi hiyo ya 2024 ilikuwa inawasumbua, kwa hiyo kila mtu aliyeniona alisema dengue. Mama mwenye nyumba alisema dengue, wenzangu darasani hivyohivyo, na daktari kijana wa kliniki niliyokwenda, yeye pia alianza na dengue. Si kosa lao. Mbu wao anauma mchana, na homa waliyoizoea ndiyo hiyo. Lakini mimi mwili wangu naujua. Baridi ya jioni, kichwa kupasuka, jasho, kisha nafuu ya uongo asubuhi. Nikamwambia daktari: nimetoka Mwanza siku kumi na moja zilizopita, kando ya Ziwa Victoria, nipime malaria leo, usingoje kesho. Akaweka kalamu chini. Akaniambia ugonjwa huo ameusoma zaidi kuliko alivyouona. Lakini alinipima, na jioni ile jibu likaja: malaria, ile ya falciparum, yenye kuua mtu haraka akicheleweshwa. Nililazwa usiku mbili.

Muuguzi aliyenitundikia dripu alikuwa Mghana, mmoja wa wale ambao Barbados iliwaleta mwaka 2020. Alinitazama macho tu akasema, "Hii ya kwetu." Sijawahi kufarijika namna ile mbali na nyumbani.

Sasa bima. Namba ya dharura iliyo kwenye hati ilipokelewa baada ya dakika nne, usiku, na mtu aliyenisikiliza kwa utulivu. Hilo nawasifu. Lakini hospitali ile haikuwa kwenye orodha yao, kwa hiyo nikaambiwa nilipe kwanza, nidai baadaye. Jumla ilikuwa dola 2,260 za Barbados. Huko dola mbili zao ni moja ya Marekani, hivyo piga hesabu ya 1,130. Sikuwa nazo. Wenzangu watatu wa darasani walinichangia kwenye kadi zao, na mmoja wao nilikuwa nimemfahamu siku tisa tu. Anayenunua bima kama hii aulize kabla ya kuondoka: hospitali gani kisiwani mnailipa moja kwa moja? Ikiwa hakuna jibu, aende na akiba. Na simu ya gari la wagonjwa kule ni 511, polisi 211, zimamoto 311. Nilizibandika nyuma ya simu.

Nilirudi Mwanza mwezi wa nane na faili: risiti halisi, majibu ya maabara, vipande vya kupandia ndege. Dada akalituma siku ileile. Wiki tatu baadaye kampuni ikajibu kwa barua fupi kwamba dai limekataliwa, kwa sababu mbu aliniuma kabla sijasafiri, hivyo ugonjwa "ulikuwepo kabla ya bima."

Nilikaa na ile barua ofisini kwake nikiwa sina la kusema. Kwa sababu ni kweli, mbu aliniuma hapa, labda Igombe mwaloni, usiku ule wa mwisho tulipokuwa tunapima samaki. Dada hakubishana na mbu. Alifungua hati ukurasa wa maelezo ya maneno, akaniwekea kidole: ugonjwa uliokuwepo, kwa mujibu wao wenyewe, ni ule ambao mtu alikuwa na dalili zake, au amepimwa, au ametibiwa kabla ya kusafiri. Mimi nilipanda ndege mzima. Akaandika ukurasa mmoja, akanukuu kifungu, akamalizia kwamba tukikosa jibu ndani ya siku 14 tutakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Jibu lilikuja siku ya kumi na mbili. Walinilipa yote, kasoro zile dola 50. Dada hakunitoza hata senti kwa kazi hiyo.

Kimbunga nacho nilikutana nacho. Beryl kilipita kusini mwa Barbados Jumatatu ya tarehe 1 Julai, kikaenda kuivunja Carriacou, kisiwa cha Grenada. Sisi tulilala darasani. Asubuhi nilikwenda kwenye bandari ya wavuvi Bridgetown na nikaona mashua zimepandana, nyingine zimezama zikiwa bado zimefungwa kamba, na wazee wamesimama tu wanaangalia. Siwezi kueleza vizuri jinsi ilivyoniuma. Mtu akipoteza mtumbwi najua amepoteza nini. Kwa upande wa bima ni jambo moja tu: mwenzetu aliyetoka Jinja alitaka kukata bima ya kuahirishwa safari Jumamosi, akakataliwa, kwa sababu kimbunga kilishapewa jina Ijumaa. Ukisafiri kati ya Juni na Novemba, kata mapema.

Mengine ya usalama yanatosha kwa maneno machache. Usijikinge mvua chini ya mti wa manchineel ulio ufukweni. Utomvu wake unaunguza ngozi, na mingi imepakwa rangi nyekundu shinani. Nguo za mabakamabaka ya jeshi zimepigwa marufuku kwa raia, hata kofia. Bathsheba, pwani ya mashariki, pazuri kutazama lakini mkondo wake una nguvu.

Lawama yangu kubwa ni lugha. Hati ina kurasa 34, zote za Kiingereza, na kifungu kilichoniokoa kilikuwa ukurasa wa 27. Mimi nimesoma na bado nilihitaji kidole cha mtu mwingine. Mama yangu angeitia sahihi bila kujua. Kampuni inayouza bima Mwanza ina wajibu wa kutoa hata kurasa mbili za Kiswahili: nchi zipi, nani analipa kwanza, kipi hakilipwi. Nilimwandikia meneja wao hivyo. Bado nangoja.

Kwa dada mwenyewe natoa nyota tano, kwa bima tatu. Ofisi ni ndogo, viti viwili, na mwisho wa mwezi utasubiri saa nzima ngazini. Jumamosi anafunga saa sita mchana. Nenda na nakala ya pasipoti na tiketi. Mwezi uliopita nilimpeleka mdogo wangu anayekwenda Trinidad, na kabla hajatajiwa bei, dada alishamgeuzia hati, kidole kikiwa kwenye orodha ya nchi. "Soma hapa kwanza, kwa sauti."