Mbegu za Choroko kwa Mashamba ya Tanga: Ipi Inunuliwe Kwanza

Anayetafuta mbegu za choroko mkoani Tanga kabla ya mvua za vuli hukutana na bei zinazopishana sana, na kwa kuwa punje zote ni za kijani, hushawishika kuchukua iliyo rahisi. Kwa maoni yangu, kigezo cha kwanza kiwe muda wa kukomaa wala si ukubwa wa punje, kwa sababu choroko iliyokauka ikinyeshewa kabla ya kuvunwa huota ndani ya maganda au huingia madoa, na hapo bei yake huanguka.

Nafasi ya kwanza naipa mbegu iliyothibitishwa ya Nuru au Imara, aina zilizotoka kituo cha utafiti cha Ilonga, Kilosa, mradi mfuko uwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Bei yake ni kubwa, lakini choroko hujichavusha yenyewe, tofauti na mahindi chotara, hivyo aliyenunua mbegu safi mara moja anaweza kujiwekea ya misimu miwili mitatu, akiwa mwangalifu kung'oa mimea isiyofanana na mingine. Zikikosekana, mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, zinazozalishwa na wakulima wenyewe chini ya ukaguzi, zinatosha, nazo naziweka ya pili.

Baadhi ya wakulima wa Mkinga huulizia aina za Kenya. N26, yenye punje zinazong'aa, hukomaa kwa siku 60 hadi 65, ilhali N22 huhitaji 80 hadi 90, na tofauti hiyo ni kubwa mno kwa mvua fupi. Hata hivyo, mbegu iliyovushwa mpakani Horohoro bila lebo haina wa kuidhamini, nami naiweka ya tatu.

Ya kienyeji kutoka kwa jirani inafuata. Maganda yake hukauka kwa awamu na huchumwa mara kadhaa, jambo lisilo na uzito kwa familia inayolima kipande cha kitoweo, bali ni gharama kwa mwenye ekari nyingi.

Ya mwisho ni choroko ya chakula ya sokoni Mgandini, ambayo ni mchanganyiko wa mashamba mengi na mara nyingi imekwisha kutobolewa na fukusi. Asiye na budi kuinunua aloweke kiasi usiku kucha: punje zisizovimba ndizo zinazochelewa kuota shambani, na ndizo zinazobaki ngumu chunguni. Kisha atandaze punje 100 kwenye kitambaa kibichi. Zikiota chini ya 80, atafute mbegu kwingine.