Kemshafti ya Triumph 650 isiyo na jina: nimeipima, haya ndo majibu

Niaje wadau, tupo Mtwara kama kawaida, joto lile lile, na leo mezani sina Boxer wala CG, nina kemshafti, ile shafti yenye nundu za kufungua valvu, ya Triumph Bonneville 650, ile pikipiki ya Mwingereza ya kuanzia 1959, na shida yake haina boksi, haina karatasi, haina jina la aliyeichonga. Mzee mmoja wa Mikindani kauziwa na mtu kwa maneno kwamba ni "ya mbio, mpya kabisa", ikaja imefungwa kwenye gazeti. Bei sitaji, mzee ataniua. Kaniambia mwanangu hebu niangalizie kabla sijafungua injini, na hapo kafanya la maana sana.

Wale wa CG mnajua pale kemshafti ina nundu moja inayosukuma valvu zote mbili. Triumph sio hivyo, ina kemshafti mbili, ya mbele ni ya ekzosti na ya nyuma ni ya kuingiza, na kila moja ina nundu mbili maana silinda ni mbili. Sasa hii ni ipi? Angalia mwishoni hapa, sogeza kamera. Kuanzia 1963 platini, zile za kukatisha umeme ili plagi ipige cheche, zinaendeshwa na ncha ya kemshafti ya ekzosti, kwa hiyo ingekuwa ya ekzosti ungeona tundu la koni la kukalia adivansi, kile kifaa cha kuwahisha cheche. Hakuna. Alafu upande huu wa kushoto kuna mikato, hii inazungusha kidiski cha kupumulia injini, na kidiski chenyewe kiliondolewa kwenye modeli za 1970. Basi hii ni ya kuingiza, na asili yake ni ya kabla ya hapo.

Maandishi sasa. Kuna namba ya kiwandani imefutika nusu na pembeni kuna herufi mbili zimekwaruzwa kwa mkono. Marekani kulikuwa na wachongaji wengi wa kemshafti za Triumph, kina Sifton, Harman & Collins, Megacycle wa kule San Rafael California, na ukiingia mtandaoni kila mtu atakwambia hizo herufi ni za fulani. Mi herufi siziamini hata kidogo. Mtu yeyote mwenye kalamu ya umeme anaweza kuandika anachotaka, chuma ndo hakidanganyi.

Kwa hiyo tunapima, na hapa ndo mafundi wengi wanaharibu. Wanachukua venia, ile rula ya kubana, wanapima kutoka puani, yaani ncha ya nundu, mpaka kisigino, ule upande wa duara ulio mkabala nayo, wanageuza wanapima upana, wanatoa, wanasema hii ndo lifti, yaani kimo ambacho nundu inainua. Kwa kemshafti ya kawaida utapata jibu la karibu. Kwa ya mbio nundu ni pana mno, mabega yake yanafika mpaka pale unapoweka venia, upana unaousoma sio kisigino tena, na lifti inatoka ndogo kuliko ukweli. Laza kemshafti kwenye V-bloku mbili, weka dayo geji, ile ya mshale, juu, zungusha taratibu, soma pale chini kabisa na pale juu kabisa. Basi.

Nimeweka na ile ya zamani ya mzee pembeni tulinganishe. Ya zamani lifti karibu milimita 8, hii 8.9. Watu wa mbio hapo mshaanza kushangilia eeh, subirini. Urefu kutoka katikati ya shafti mpaka puani ni ule ule kwa zote mbili! Kilichobadilika ni kisigino, kimekatwa milimita 0.9. Mnaelewa maana yake? Hii ni kemshafti ile ile ya Triumph, imerudishwa kwenye mashine ikachongwa upya, sio mpya na haijawahi kuwa mpya labda tangu babu yangu yupo barobaro. Kuchongwa upya sio dhambi, tena kazi ni safi, nundu mbili zinalingana na zimepishana nyuzi 180 kama inavyotakiwa, nimepitisha tupa inateleza tu haishiki, kwa hiyo ugumu upo. Ila aliyeuza angesema.

Muda wa valvu kuwa wazi nimepima na tapeti yenyewe ya Triumph, kile kipande kinachokanyaga nundu, sio ncha ya geji. Tapeti hizi mguu wake una mviringo, kuna za radiasi ya inchi 3/4 na za inchi 1 na 1/8, na ukibadilisha tapeti kemshafti ile ile inafungua valvu kwa muda tofauti, ndo maana namba za mtandaoni hazikutani. Bonneville ya kiwandani valvu ya kuingiza inafunguka nyuzi 34 kabla pistoni haijafika juu na inafunga 55 baada ya kupita chini, ukijumlisha na 180 ni nyuzi 269, ukipimia kwenye nafasi ya inchi 0.020. Hii ya mzee kwa kipimo hicho hicho inakaa kama 290.

Kwa hiyo mzee wangu, najua unaangalia, hiyo ni ya mbio kweli, hapo hujadanganywa. Itaamka rev zikiwa juu, chini huko itakuwa inakohoa tu, na wewe unapanda Newala na mama nyuma. Ukiamua kuifunga, tapeti zitakaa chini milimita 0.9, kwa hiyo andaa pushirodi, zile fimbo kati ya tapeti na roka, ndefu kidogo usilazimishe kwa skrubu za roka, na bandika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni tuone valvu inapita wapi, na springi tuhakikishe hazibanani. Kliarensi, yaani uwazi wa valvu, ya inchi 0.002 ya kitabu isahau, hiyo ni ya nundu za kiwandani.

Mi ningerudisha ile ya zamani, pua yake haina hata kishimo. Hii muuzie kijana wa mbio, ila mwambie imechongwa upya, na mpe hizi namba.