Vya Kutafuna vya Mbwa: Kipi Ununue Kwanza na Kipi Ukiache Rafuni

Nilianza kwa kuona mbwa wangu anatafunia upande mmoja. Nilipomwinua mdomo nikakuta gego lake kubwa la juu limepasuka: kipande kimebanduka na kinashikiliwa na ufizi tu, kama ganda la yai lililokatika likabaki kwenye utando wake, na katikati ya jino lililobaki kuna nukta ndogo nyekundu. Nukta ile ni kiini cha jino, panapopita damu na neva. Maumivu yake siyawazii bila kujilaumu, kwa sababu siku mbili kabla nilikuwa nimemnunulia kipande cha pembe ya kulungu, nikiamini kwamba kitu cha asili hakiwezi kumdhuru. Daktari wa mifugo aliling'oa jino zima. Lina mizizi mitatu, kwa hiyo ilibidi mbwa apewe dawa ya usingizi na ufizi upasuliwe.

Tangu siku hiyo nachagua kwa kanuni moja: kitu cha kutafuna kishindwe na jino, si jino lishindwe na kitu. Enameli ya jino la mbwa ni nyembamba, kwa kawaida haifiki milimita 1, ilhali kwenye magego ya binadamu inaweza kuzidi 2. Na gego hilo la juu likikutana na mwenzake wa chini hufanya kazi kama makasi, hivyo nguvu yote ya taya huishia sehemu moja. Kipimo chake ni rahisi na unaweza kukifanya ukiwa umesimama dukani. Bonyeza kwa ukucha. Usipoona alama yoyote, kirudishe. Madaktari wengine hukuambia ujigonge nacho gotini. Kikikuumiza, ni kigumu mno kwa mbwa.

Pia angalia ukubwa. Kisiingie chote mdomoni, na kiwe kirefu kuliko pua na mdomo wake. Kama una mbwa wawili, nunua kwa kipimo cha yule mkubwa, maana kile cha mdogo ndicho atakachokipora na kukimeza.

Nafasi ya kwanza naipa mpira mnene wenye uwazi ndani, ule unaojazwa chakula. Aina iliyopata umaarufu kuliko zote, KONG, ilianzia Marekani miaka ya 1970, Joe Markham alipomwona mbwa wake Fritz akitafuna mawe na kujiharibu meno, kisha akaona jinsi alivyopenda kipande cha mpira kutoka kwenye gari la Volkswagen. Mpira mzuri hubonyea chini ya jino na kurudi. Mtoto wa mbwa na mbwa mzee wachukulie aina laini. Meno 28 ya utotoni hubadilika hadi karibu miezi sita au saba, na yako kama sindano, huvunjika upesi. Hakikisha mpira una matundu pande mbili. Wenye tundu moja unaweza kufyonza ulimi ukanasa humo. Ujaze chakula chake chenye majimaji, ugandishe, na utapata muda mrefu wa utulivu. Ukitaka kutumia siagi ya karanga, soma kibandiko mpaka mwisho: isiwe na xylitol, utamu unaoshusha sukari ya damu ya mbwa kwa haraka na unaoweza kuharibu ini. Kagua mpira kila wiki. Ukiona vipande vimemeguka, utupe, hata kama bado anaupenda.

Ya pili ni vitafunio vya meno vyenye alama ya VOHC, baraza la afya ya kinywa cha wanyama lililoanzishwa mwaka 1997. Alama hiyo hutolewa baada ya majaribio kuonyesha kwamba bidhaa inapunguza utando au ugaga wa meno. Chagua pakiti inayolingana na uzito wa mbwa wako. Mswaki bado unahitajika.

Ya tatu ni nyama kavu za kutafuna: uume wa fahali uliokaushwa, kano, masikio. Hulainika kwa mate na mbwa wengi huzipenda kupita kiasi, nami huzinunua mara chache. Tatizo la kwanza ni kalori. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani walichapisha vipimo vya uume wa fahali mwaka 2013, na kipande cha sentimita 15 kilikuwa na kalori 88 kwa wastani. Kwa mbwa wa kilo 23 hiyo ni karibu sehemu ya kumi ya mahitaji ya siku, na hapo ndipo mpaka wa vitafunio vyote ulipo. Kwa mbwa wa kilo 4 na nusu ni karibu theluthi. Tatizo la pili ni bakteria: mwaka 2019 masikio ya nguruwe yaliwaambukiza watu Salmonella nchini Marekani, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni na uwaweke watoto mbali. La tatu ni kile kipande cha mwisho. Kikifupika kama kidole gumba atakimeza. Kichukue mapema, lakini usimnyang'anye. Mpe kitu kingine kitamu, naye atakiachia mwenyewe.

Ngozi ghafi ya ng'ombe iliyokaushwa na kufungwa fundo naiweka ya nne, na kwangu haiingii tena. Fundo huchomoka likiwa zima, humezwa, kisha huvimba tumboni.

Sasa mifupa, maana hapa ndipo watu hubishana. Uliopikwa usimpe kabisa, wa kuku wala wa ng'ombe. Moto huukausha, na ukivunjika hutoa ncha kali zinazotoboa umio au utumbo. Ile ya dukani iliyookwa au kukaushwa kwa moshi haina tofauti: mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya kupokea taarifa za mbwa wapatao 90 walioumwa, 15 kati yao wakafa. Mfupa mbichi haukatiki ovyo vile, lakini mfupa wa mguu wa ng'ombe ndio uliokuwa ukibeba uzito wa mnyama mzima, na jino haliuwezi. Ukikatwa vipande vya duara, mbwa hulamba uboho mpaka duara linapita nyuma ya chonge na kunasa kwenye taya la chini. Uboho wenyewe una mafuta mengi na huweza kuwasha kongosho. Ukiamua kumpa, uwe mkubwa kuliko kichwa chake, wenye nyama, na uutoe nyama inapokwisha, wewe ukiwa hapo hapo. Mimi nimeacha.

Mwisho kabisa ni pembe, kwato, nailoni ngumu na jibini kavu ya maziwa ya yaki, yule ng'ombe mwenye manyoya marefu wa milima ya Himalaya. Ya mwisho inasifiwa sana, lakini iguse kwa ukucha. Mpira wa tenisi ni wa kurusha tu, kwani manyoya yake husaga meno yakiwa yanatafunwa kila siku.

Mbwa akikwangua mdomo kwa makucha, akihangaika kuvuta pumzi au fizi zikigeuka bluu, usisubiri hata dakika. Akitapika mara kwa mara, akikataa chakula au akijikamua bila kupata choo, mpeleke siku hiyo hiyo. Chukua na pakiti ya alichokula, pamoja na kipande kilichobaki, ili daktari ajue ukubwa wa kile anachokitafuta ndani.