Do imegeuzwa sol: uzoefu wangu na duka la kuchapa nota Mtwara mjini

Nyota moja. Nikifika mwisho huenda nikaongeza, maana kuna kijana pale dukani ananiharibia hasira zangu.

Kazi niliyopeleka ilikuwa nyimbo sita za sauti nne zilizoandikwa kwa mkono. Nilitaka zichapwe kwa kompyuta, nakala 40 kila moja, kwa ajili ya watoto wa darasa la tano na la sita. Hawa wanaimba do re mi vizuri kwa mdomo, ila mistari mitano ambayo nota zinakaa juu yake bado inawapiga chenga. Kwao njia nyepesi ni kuchapa jina la nota ndani ya kichwa cha nota chenyewe, lile duara lake. Programu ya MuseScore inafanya hivyo, na ni ya bure. Duka wakasema wanaijua, wakanionyesha na sampuli. Sampuli ilikuwa safi kabisa. Tatizo ni kwamba ilikuwa katika ufunguo wa C, yaani do yake iko kwenye nota inayoitwa C.

Kwenye programu ile kuna chaguo mbili zimekaa jirani: solfa (majina ya do re mi) ya do inayohama na solfa ya do isiyohama. Kwenye kwaya zetu do inahama. Wimbo ukiwa katika G, basi G ndiyo do, ukiwa katika F, F ndiyo do. Ile isiyohama ni ya Wafaransa na Waitaliano, ambao kwao do ni jina la C, wimbo uwe katika ufunguo wowote. Ukijaribu wimbo wa C, chaguo zote mbili zinaiweka do mahali palepale, kwa hiyo kosa linajificha. Nyimbo zangu nne zilikuwa katika G, moja katika F na moja katika E flati. Hakuna hata mmoja uliopona. Kwenye zile za G, palipotakiwa do pameandikwa sol, palipotakiwa sol pameandikwa re. Mtoto anasoma alichoandikiwa, anaimba alichosoma, na anakosea kwa sababu ametii karatasi! Afadhali wasingeandika jina lolote.

Nikarudi nazo. Ilikuwa msimu wa korosho, duka limejaa watu wa fomu na fotokopi, mama mwenye duka hakuinua hata macho. "Mwalimu, nota ni nota. Kama wanafunzi hawajui kusoma, hilo si la mashine." Nikamwambia, mama, naomba uangalie alama ya sharpu (#) pale mwanzo wa mstari, hiyo ndiyo inayosema do iko wapi. Akanijibu kwamba wateja wengine hawalalamiki. Sawa, wateja wengine wanachapisha barua za kuomba kazi.

Na hiyo sol ingekuwa kubwa ya kusomeka ningesema angalau. Walibana kurasa mbili kwenye A4 moja, "kukupunguzia gharama, mwalimu". Hesabu yake ni hii: MuseScore ikiachwa ilivyo, mistari mitano ina kimo cha milimita 7, yaani nafasi kati ya mstari na mstari ni milimita 1.75, na kichwa cha nota kinajaa nafasi hiyo. Ukipunguza A4 iwe A5 unabaki na karibu asilimia 71, nafasi inakuwa milimita 1.24. Ndani ya hapo ndipo herufi za jina la nota zinatakiwa zikae, tena kwa rangi nyeupe juu ya nota nyeusi. Wino ukisambaa kidogo tu unaona doa. Maneno ya wimbo nayo yanashuka kutoka pointi 10 hadi 7, saizi ya yale maandishi ya nyuma ya pakiti ya dawa.

Sijamaliza. Silabi! Kwenye programu unabonyeza kistari kuhamia silabi inayofuata ya neno lilelile, na nafasi ukimaliza neno. Mchapaji akikata vibaya, wimbo wote unateleza. Wao waliandika "mto-to", nota mbili, wakati m inasimama peke yake: m-to-to, nota tatu. Kuanzia hapo kila silabi ikahama nota moja kwenda kushoto, na nota ya mwisho ikabaki haina neno. "Nchi" ni n-chi. "Mbinguni" ni mbi-ngu-ni, wao wakaweka "mbin-gu-ni", sijui ni lugha ya wapi. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, ukiacha hizo m na n zinazojitegemea. Mtu anayeongea Kiswahili tangu kuzaliwa anakosaje hili?

Sasa huyo kijana. Yuko kwenye mashine ya nyuma, hakusema neno wakati tunabishana. Mama alipotoka kidogo, akafungua faili, akachagua nota zote, akaweka do inayohama. Dakika mbili. Akauliza mwenyewe, "Mwalimu, nikuze?" Akapandisha nafasi ya mistari hadi milimita 2.5, kimo kikawa 10. Hapo sauti nne pamoja, moja chini ya nyingine, zinaingia mafungu mawili tu kwenye A4, karatasi zitakwisha. Akashauri kila sauti iwe na karatasi yake, mistari minane kwa ukurasa, baa nne kwa mstari (hizi za muziki, vipande vya mapigo, si zile za jioni), mstari ukatike pale mtoto anapovuta pumzi. Namba za baa akaziweka kila mwanzo wa mstari, ili nikisema "turudi ya 13" sote tuwe 13. Na akatumia printa ya tona, wino wa unga, badala ya ile ya wino wa maji, ambayo kwa joto letu la pwani na vidole vya watoto ingekuwa ukungu kufikia Ijumaa.

Kazi ile ya pili ni nzuri, sitasema uongo. Watoto waliisoma siku hiyohiyo. Kwa kijana natoa nyota nne. Tano ningempa kama angenizuia kuweka majina kwenye kila nota. Baada ya wiki chache niliona wanasoma herufi tu, mstari hawautazami. Nimeanza kuyaacha kwenye nota ya kwanza ya kila mstari na pale sauti inaporuka mbali, basi.

Nilikuwa naandika nyota tatu kwa duka zima, halafu nikakumbuka kwamba mama alinilipisha karatasi zote za mara ya pili, nakala 40 za kila sauti, kana kwamba sol niliiagiza mimi. Irudi moja.

Ukienda pale, peleka wimbo wenye sharpu au flati uwe ndio sampuli, na umwulize kijana wa mashine ya nyuma. Wimbo wangu wa F bado una "mbin-gu-ni" kwenye ubeti wa tatu. Naurekebisha kwa kalamu, nimefika nakala ya 22.