Breki ya nyuma kwenye pikipiki ya mkononi: ulipie drumu au diski?

Muuzaji aliikanyaga pedeli mbele yangu, akaniambia nisukume. Tairi la nyuma halikusogea. "Kaka, breki mpya hizi, hata mwezi hazijamaliza." Nikachuchumaa. Kwenye habu ya nyuma (kitovu cha tairi, ambacho ndani yake ndimo ilimo drumu) kuna mkono mfupi wa chuma unaovutwa na fimbo inayotoka kwenye pedeli. Mkono huo umekaa juu ya meno ya shafti ya kamu, kile chuma kinachozunguka na kuzitanua shuu (vipande viwili vya kubania) ziguse drumu kwa ndani, na kiwandani hugongwa nukta moja kwenye mkono na nyingine kwenye shafti ili fundi akirudisha azikutanishe. Kwenye pikipiki ile nukta zilikuwa zimepishana meno mawili, maana mkono ulikuwa umesogezwa kuficha ulaji, na kamshale ka kuonyesha ulaji wa shuu hakakuwepo. Nikaomba tufungue tairi. Shuu zilikuwa zimebaki chuma kitupu, na kati ya shuu na kamu kulikuwa na kipande cha bati kilichopachikwa ili kuzisukuma zigusane na drumu. Nilimshukuru, nikapanda daladala kurudi nyumbani.

Mchezo huo unafanyika kwenye drumu. Kwenye diski, yaani sahani ya chuma iliyo wazi inayobanwa na pedi kutoka pande mbili, kuna michezo mingine, nitaifikia. Vijiweni utaambiwa drumu ni za wazee na diski ndiyo breki, lakini kwa pikipiki iliyokwishatembea mimi huanza na swali jingine: ikinifia huko Gairo saa kumi na moja jioni, nani ataitengeneza na spea ataitoa wapi? Nimepanga machaguo kwa swali hilo, kuanzia la kwanza hadi la mwisho.

Ninayoiweka juu kabisa ni yenye diski mbele na drumu nyuma. Suzuki GN125 ziko hivyo, na Yamaha YBR125 nyingi pia. Ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi, na kazi kubwa ya kusimamisha chombo inafanywa na breki ya mbele. Kwa hiyo fedha ya diski ikae mbele, nyuma utosheke na kitu rahisi. Kwenye changarawe hata diski kali ya nyuma haikusaidii. Inafunga tairi tu, na mkia unaanza kutangulia kichwa. Mambo yanabadilika kidogo kwa mwenye kubeba mishikaki (abiria wawili au zaidi) au magunia, kwa sababu mzigo wote umekalia ekseli ya nyuma na breki ya nyuma inafanya kazi ya kweli. Hata hivyo drumu nzima inaimudu.

Nafasi ya pili: drumu mbele na nyuma, yaani Boxer nyingi, Honda CG125 na ndugu zao. Kwa matumizi ya kijijini na mjini kwa mwendo wa kawaida sioni aibu yoyote hapo. Breki shuu utazikuta hata kwenye duka linalouza sukari na mafuta ya taa, na fundi wa chini ya mwembe anazibadilisha kwa spana mbili. Drumu ina ujanja wake pia: tairi likizunguka, shuu moja kati ya zile mbili huvutwa na mzunguko wenyewe ikazidi kujibana, ndiyo maana fimbo ya chuma tu bila mafuta yoyote inatosha kusimamisha watu watatu.

Udhaifu wake ni maji na joto. Masika, ukivuka mto maji yakafika kwenye habu, breki inapotea kabisa kwa dakika kadhaa. Unakwenda polepole huku umeigusa pedeli kidogo mpaka ikauke. Joto ndilo baya zaidi. Teremka Lushoto kwenda Mombo una abiria na gunia la karoti, mguu umeulaza kwenye pedeli kona baada ya kona. Drumu inapata moto, inatanuka na kuzikimbia shuu, na pedeli inazidi kuzama. Diski ikipata moto haifanyi hivyo. Dawa ya mteremko ni gia ya pili tangu unapoanza kuteremka, injini ikuzuie, breki uiguse na kuiachia. Kama njia yako ya kila siku ni milima ya namna hiyo, ishushe drumu tupu nafasi moja.

Ukiikagua, kanyaga pedeli hadi mwisho uangalie pembe kati ya fimbo na mkono wa kwenye habu. Isizidi sana pembe mraba. Ikizidi, shuu zimekwisha au kamu imelika. Tazama nati ya kurekebishia kwenye ncha ya fimbo: ikiwa imekaribia mwisho wa uzi, hakuna tena cha kukaza. Pedeli iwe na uhuru wa milimita 20 hadi 30 kabla ya kushika. Izungushe tairi ukiwa umeibana breki kidogo. Ikishika na kuachia kwa mapigo, drumu si duara tena. Ukiruhusiwa kufungua, ndani ya drumu kuna namba imegongwa. Zenye kipenyo cha milimita 110 kwa kawaida mwisho wao ni 111. Ikizidi hapo habu hiyo ni ya kubadilisha, na bei ya habu pamoja na kusuka spoku upya si bei ya shuu.

Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Shuu za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake linadhuru mapafu. Futa kwa kitambaa kibichi.

Na kuna bolti moja ambayo watu huisahau: ya ule upau unaoshikilia sahani ya breki (ile iliyobeba shuu) isizunguke. Nimeona umefungwa kwa waya. Ukikatika wakati umekanyaga, sahani nzima inazunguka na tairi, fimbo inajikunja, na tairi linaweza kujifunga hapo hapo barabarani. Waya pale, usiijaribu barabarani mpaka ifungwe bolti.

Ya tatu ni diski ya nyuma ya kiwandani kwenye pikipiki ambazo spea zake zinaingia nchini, kama TVS Apache RTR 180 au Bajaj Pulsar 220. Kwa anayekimbia lami masafa marefu naipandisha hata kuliko drumu, kwa sharti kwamba mwenye nayo alikuwa anabadilisha mafuta ya breki. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mafuta haya yanakunywa unyevu wa hewani, na kila baada ya miaka 2 yanatakiwa kumwagwa. Chungulia kwenye kikopo chake. Yakiwa na rangi ya asali changa ni sawa, yakifanana na kahawa, pistoni ya kalipa (kibanio kinachosukuma pedi kwenye diski) huenda imeshaanza kushika kutu. Muulize pia muuzaji alijaza nini. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika, lakini wapo wanaomiminia mafuta ya haidroliki au ya injini. Mipira inavimba, breki inabana na haiachii. Nyanyua tairi la nyuma, kanyaga, achia, kisha zungusha kwa mkono. Lizunguke. Pedeli ikiwa laini kama godoro, kuna upepo ndani au masta silinda, ile pampu ya mafuta inayosukumwa na pedeli, imechoka. Pitisha kucha kwenye ukingo wa diski usikie kama kuna ngazi, halafu soma unene wa mwisho uliogongwa juu yake.

Ya nne ni pikipiki kuukuu za Kijapani za porini zilizokuja na diski nyuma, kama Yamaha DT125R. Nilikuwa na moja ya jamii hiyo. Breki tamu, mpaka pistoni ilipogoma. Kifaa kizima cha sili, yaani seti ya mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, nilikitafuta Kariakoo wiki tatu, fundi mmoja akaniuzia cha pikipiki nyingine "inaingia tu hiyo", ikavuja siku ya pili na mafuta yakala rangi ya swingi amu, ule mkono unaobeba tairi la nyuma. Inunue kama spea unazo mkononi kabla ya funguo.

Mwisho kabisa ni drumu iliyogeuzwa kuwa diski gereji. Utaona kalipa imening'inizwa kwenye kipande cha chuma kilichochomelewa, na diski ya pikipiki nyingine imefungwa kwa bolti zisizolingana urefu. Hiyo mimi sijadili bei.

Kwa nyingine zote, bei naijadili tairi likiwa limefunguliwa. Shuu mpya au pedi ni punguzo dogo, muuzaji atakubali. Habu, diski iliyolika au kalipa iliyoganda, piga simu kwa muuza spea mkiwa wote mmesimama pale, weka sauti ya nje, na atakachosema kitoke kwenye bei.